Kupima Ishara za Seli na Usanisi wa Protini kwenye Sahani Moja ya Nyuroni

Ukichochea nyuroni, ukapima fosfeti kwenye protini ya ribosomu iitwayo S6 na kuona mstari umekolea, umejua jambo moja tu: ishara imefika kwenye S6. Kiasi cha protini ambacho ribosomu zimetengeneza katika dakika hizo bado hukijui. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima vyote viwili, ishara na usanisi, kwenye seli zilezile kwa kutumia puromaisini (dawa inayotia alama protini mpya) na kingamwili. Hakuna kitu chenye mionzi, hivyo huhitaji kibali cha mionzi. Maabara yenye inkubeta ya seli, vifaa vya jeli na kamera ya kusomea bloti (utando uliohamishiwa protini za jeli) inaweza kufanya kazi yote.

Umuhimu wa kupima vyote viwili unaonekana vizuri kwa DHPG, kemikali inayoamsha vipokezi vya glutameti vya kundi la kwanza, mGluR1 na mGluR5. Ndani ya dakika 5 DHPG huongeza fosfeti kwenye threonini 56 (asidi amino ya 56) ya eEF2, protini inayosogeza ribosomu, na hatua hiyo hupunguza kasi ya ribosomu kusogea kwenye mRNA (nakala ya jeni inayosomwa). Anayesoma alama hiyo peke yake atasema usanisi umeshuka. Ila katika dakika hizohizo protini ya Arc huongezeka kwenye dendraiti (matawi ya nyuroni), na kudhoofika kwa sinapsi kunakofuata hukwama ukizuia usanisi wa protini. Alama moja ya fosfeti haiwezi kukusimulia habari hiyo yote.

Alama za kufuatilia

Njia za ishara zinazokuhusu hapa ni nne. Ya kwanza huanzia PI3K, hupita Akt, TSC2 na Rheb, na kuishia mTORC1. mTORC1 hubandika fosfeti kwenye 4E-BP (kwenye ubongo aina iliyotawala ni 4E-BP2), nayo humwachia eIF4E aanzishe usanisi. Pia huamsha S6K, ambayo hubandika fosfeti kwenye S6. Ya pili ni ERK, inayoamsha MNK, na MNK hubandika fosfeti kwenye serini 209 ya eIF4E. Ya tatu ni eIF2α, protini ya kuanzisha usanisi: kainesi (vimeng'enya vya kubandika fosfeti) za PERK, PKR, GCN2 na HRI zikiibandika fosfeti kwenye serini 51, usanisi wa jumla hushuka huku mRNA chache, kama ile ya ATF4, zikinufaika. Ya nne ni hiyo eEF2, ambayo kainesi yake huamshwa na kalsiamu pamoja na kalmodulini.

Kwa S6, nunua kingamwili ya serini 240/244. Ile ya 235/236 huuzwa sana, lakini eneo hilo hubandikwa fosfeti na RSK pia, na RSK iko chini ya ERK. Ukiitumia kutofautisha mTORC1 na ERK utakuwa umepoteza sampuli zako.

Puromaisini hufanana na ncha ya tRNA iliyobeba asidi amino. Ribosomu huichukua, huiunganisha kwenye mnyororo wa protini unaokua, na mnyororo hukatikia hapo ukiwa umebeba alama. Kingamwili ya 12D10, iliyoelezwa mwaka 2009 pamoja na njia iitwayo SUnSET, huitambua alama hiyo. Kadiri ribosomu zinavyofanya kazi kwa bidii katika dakika za kuweka alama, ndivyo njia ya jeli (safu ya sampuli moja) inavyokolea toka juu hadi chini.

Seli na sahani

Tumia nyuroni za gamba la ubongo za kijusi cha panya buku cha siku ya 18, ukiwa na kibali cha maadili ya wanyama. Hipokampasi inafaa pia, ila inatoa seli chache, na kazi hii inakula protini. Paka sahani ya vishimo 12 kwa poli-D-lisini, mikrogramu 50 kwa mililita, iache usiku kucha, kisha ioshe mara 3 kwa maji safi ya maabara. Mabaki ya poli-D-lisini huua nyuroni taratibu, na utaligundua hilo wiki ya pili wakati umekwisha kutumia gharama zote. Panda seli 300,000 kwa kila kishimo katika mililita 1 ya Neurobasal (chakula cha seli) yenye kirutubisho cha B-27 asilimia 2 na glutamini. Siku ya 4 weka sitarabini mikromola 1 kuzuia seli za glia zisizaane. Badilisha nusu ya chakula kila siku 3 au 4, na fanya jaribio kati ya siku ya 14 na ya 18, sinapsi zinapokuwa zimekomaa.

Siku moja kabla ya jaribio, pima ujazo wa kila kishimo na urudishe vyote kwenye mililita 1 kamili. Baada ya wiki 2, vishimo vya pembeni huwa vimepoteza maji mengi kuliko vya katikati. Usiporekebisha, dozi zako zote zitatofautiana na utadhani ni tabia ya seli.

B-27 ya kawaida ina insulini, na insulini huiweka mTORC1 juu muda wote. Kama S6 ya kishimo kisichochochewa imekolea sawa na ya kishimo chenye BDNF, huna nafasi ya kuona ongezeko. Ubadilishaji wa mwisho wa nusu ya chakula ufanye siku moja kabla, kwa B-27 isiyo na insulini, huuzwa tayari. Usibadilishe chakula chote asubuhi ya jaribio. Chakula kipya peke yake huamsha ERK na mTORC1, na athari hiyo inaweza kuifunika ile unayoitafuta.

Mpangilio wa vishimo 12

Mfano huu unatumia BDNF (protini ya kukuza nyuroni), kwa sababu huamsha mTORC1 na ERK kwa pamoja na inakupa kazi ya kweli ya kuzitenganisha. Mwaka 1996 Kang na Schuman walionyesha kuwa uimarishaji wa sinapsi unaoletwa na BDNF kwenye hipokampasi unahitaji usanisi wa protini unaofanyika karibu na sinapsi, kwa hiyo si kichocheo cha kubuni tu. Katika orodha, rapamaisini huzuia mTORC1, U0126 huzuia njia ya ERK, anisomaisini huzuia usanisi, na DMSO ni kiyeyushi cha dawa.

1. Bila puromaisini
2. Anisomaisini, kisha puromaisini
3. DMSO, kisha puromaisini
4. BDNF, kisha puromaisini
5. Rapamaisini, BDNF, puromaisini
6. U0126, BDNF, puromaisini
7. Rapamaisini, puromaisini
8. U0126, puromaisini
9. Marudio ya kishimo cha 3
10. Marudio ya kishimo cha 4
11. Thapsigagini, puromaisini
12. BDNF bila puromaisini

Vishimo vya 7 na 8 ndivyo wengi huviacha ili kubana matumizi, na bila hivyo jaribio halina maana. Rapamaisini ikishusha usanisi wa msingi kwa kiwango kilekile inachoshusha usanisi uliochochewa na BDNF, huwezi kusema kwamba mTORC1 ndiyo inayobeba ishara ya BDNF. Kishimo cha 12 kinakuambia kama puromaisini yenyewe imegusa alama za fosfeti. Thapsigagini huamsha PERK, kwa hiyo kishimo cha 11 lazima kionyeshe eIF2α yenye fosfeti ikipanda na puromaisini ikishuka. Kisipoonyesha hivyo, simamisha kazi na ukague kingamwili zako kabla ya kusoma vishimo vingine.

Kwa kishimo cha 2 chagua anisomaisini. Hushindana na puromaisini kwenye sehemu ileile ya ribosomu, ndiyo maana huizuia vizuri. Emetini haifai hapa: hugandisha ribosomu kwenye mRNA, lakini ribosomu iliyoganda bado inaweza kuichukua puromaisini. Kumbuka pia kwamba kishimo cha 2 ni cha kukagua puromaisini tu. Usisome fosfeti humo, maana anisomaisini huamsha JNK na p38, kainesi za msongo, kwa nguvu. Wanaotumia saiklohekisimaidi wana tatizo la namna hiyohiyo: usanisi ukisimama, asidi amino hujaa ndani ya seli na mTORC1 hupanda, kwa hiyo S6 hukolea katika seli ambayo haitengenezi protini yoyote.

Dawa

Andaa akiba hizi katika DMSO: anisomaisini milimola 40, rapamaisini mikromola 100, U0126 milimola 20, thapsigagini milimola 1. Mikrolita 1 katika mililita 1 itakupa mikromola 40, nanomola 100, mikromola 20 na mikromola 1 kwa mfuatano huo. Kila kishimo kisicho na dawa hizi kipate mikrolita 1 ya DMSO tupu, ili vyote viwe na asilimia 0.1. BDNF iyeyushe kwa mikrogramu 10 kwa mililita katika maji yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.1, kisha tumia mikrolita 5 kupata nanogramu 50 kwa mililita. Bila albumini, BDNF hunata kwenye plastiki na dozi hupotea kabla haijafika kwenye seli. Igandishe kwa mafungu madogo na usiirudishe kwenye friza baada ya kuyeyuka. Vishimo visivyopata BDNF vipewe mikrolita 5 za maji yaleyale ya albumini. Puromaisini iwe mikrogramu 100 kwa mililita katika maji. Mikrolita 10 kwa kishimo hutoa mikrogramu 1 kwa mililita, ambayo ni takriban mikromola 1.8. Puromaisini na thapsigagini ni sumu, kwa hiyo vaa glovu na uzikusanye taka zake kando.

Siku ya jaribio

Fuata saa moja, na acha sekunde 45 kati ya kishimo na kishimo. Kwa sekunde 45, vishimo vyote 12 humalizika katika dakika 8 na sekunde 15. Ukiacha dakika nzima, bado utakuwa unaweka puromaisini kwenye kishimo cha 11 wakati cha kwanza kinakudai ukivunje.

Dakika 30 kabla ya sifuri weka vizuizi, thapsigagini na DMSO. Dakika ya 0 weka BDNF au maji ya albumini. Dakika ya 20 weka puromaisini. Kishimo cha 1 na cha 12 vipate maji tupu. Dakika ya 30 vunja seli.

Usidondoshee dawa moja kwa moja kwenye kishimo. Vuta mikrolita 100 za chakula kutoka kishimo hichohicho, changanya na dawa kwenye kichupa, kisha rudisha taratibu kwa kufuata ukuta wa kishimo. Tone zito la DMSO likitua juu ya nyuroni huzijeruhi pale lilipotua. Sahani ikiwa nje ya inkubeta, iweke juu ya bamba la joto la nyuzi 37. Kasi ya ribosomu inategemea joto sana, na sahani iliyopoa mezani kwa dakika chache itakupa vishimo vya mwisho vyenye usanisi mdogo kuliko vya mwanzo bila sababu nyingine yoyote.

Ishara ya puromaisini ikiwa dhaifu, panda hadi mikrogramu 5 kwa mililita na uache muda ubaki dakika 10. Kurefusha muda ndilo kosa baya zaidi, kwa sababu vipande vya protini vilivyokatika huanza kusagwa na proteasomu, seli huingia katika msongo, na kipimo hugeuka kuwa cha madhara ya dawa.

Kuvunja seli

Vuta chakula chote, osha mara moja haraka kwa mililita 1 ya PBS (maji ya chumvi) baridi yenye kalsiamu na magnesiamu, kisha mimina mikrolita 100 za SDS (sabuni kali) asilimia 1 katika Tris milimola 50, pH 7.5, iliyopashwa hadi nyuzi 95. PBS isiyo na kalsiamu hung'oa nyuroni. Kuosha kunaondoa albumini ya B-27, ambayo ingekudanganya wakati wa kupima protini. SDS ya moto huua vimeng'enya vinavyobandua fosfeti papo hapo, na kwa alama zinazofutika haraka kama eEF2 tunaipendelea kuliko bafa baridi zenye vizuizi vya aina tatu.

Vishimo vyote vikiwa na SDS, rudi ukwangue kila kimoja, hamishia kwenye vichupa, chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5. Sampuli itakuwa nzito kama ute wa yai kwa sababu ya DNA. Ipitishe kwenye sindano ya namba 27 mara 10 hivi mpaka ishuke kama maji. Pima protini kwa njia ya BCA. Njia ya Bradford haivumilii SDS. Dawa ya kupakia yenye merkaptoethanoli iongeze baada ya kupima, kwani huharibu BCA.

Jeli tatu

Puromaisini huchukua njia nzima ya jeli, kwa hiyo huwezi kukata utando vipande na kuutumia kwa alama nyingine. Endesha jeli tatu sambamba za asilimia 4 hadi 20, mikrogramu 12 kwa kila njia: moja ya puromaisini, moja ya alama za fosfeti, moja ya protini zilezile kwa jumla. Kubandua kingamwili na kurudia utando mmoja kunaokoa sampuli, ila hukuachii uhakika kama mstari umepungua kwa sababu ya biolojia au kwa sababu ya kuoshwa.

Hamishia kwenye utando wa PVDF wenye matundu ya mikromita 0.2, volti 100 kwa dakika 60, bafa ikiwa baridi. 4E-BP2 ni ndogo na hupenya matundu ya 0.45. Paka Ponceau (rangi inayoonyesha protini zote), piga picha, na uihifadhi. Hiyo ndiyo kipimo chako cha upakiaji. Tubulini na aktini zina kazi nyingi kwenye sinapsi zinazobadilika, na mstari mmoja hauwezi kuwakilisha njia nzima ya jeli.

Ziba utando kwa albumini asilimia 5. Maziwa yana kaseini, ambayo imejaa fosfeti, na huleta ukungu kwa baadhi ya kingamwili za fosfeti. Weka 12D10 kwa uwiano wa 1:5,000 usiku kucha kwenye nyuzi 4. Mistari ya kutafuta kwenye jeli ya pili: eEF2 takriban kilodaltoni 95, ERK 42 na 44, eIF2α karibu 38, S6 32, eIF4E 25. 4E-BP2 hutokea chini ya 20 kama mistari miwili au mitatu; ule wa juu ndio wenye fosfeti nyingi.

Kabla ya kuamini namba yoyote, endesha jeli moja ya sampuli ya kishimo cha 4 kwa mikrogramu 3, 6, 12 na 24. Mwanga ukiacha kuongezeka maradufu kati ya 6 na 12, punguza upakiaji au kingamwili. Bloti iliyojaa kupita kiasi huficha tofauti, na kwenye BDNF tofauti zenyewe si kubwa.

Hesabu

Chora kisanduku kimoja kwa kila njia, kutoka kilodaltoni 15 hadi 250, na vyote viwe na upana sawa. Toa thamani ya kishimo cha 1, gawanya kwa Ponceau ya njia hiyohiyo, kisha gawanya kwa wastani wa vishimo vya 3 na 9 vya utando huohuo. Alama ya fosfeti igawanye kwa protini yake ya jumla. Usilinganishe mwanga wa utando wa leo na wa wiki iliyopita.

Idadi yako ni idadi ya tamaduni huru za seli (seli zilizokuzwa kando kando), zilizotokana na upasuaji wa siku tofauti. Vishimo vya 3 na 9 ni wastani mmoja na huhesabiwa kama kimoja. Anayehesabu vishimo anajidanganya, na anayemfuata atashindwa kurudia matokeo yake.

Ukipata BDNF imepandisha puromaisini, rapamaisini imefuta ongezeko hilo na kuacha msingi ulivyo, na S6 imelala, una ushahidi mzuri kwamba mTORC1 inahitajika. Rapamaisini ikifuta S6 huku puromaisini ikibaki juu, usikimbilie kusema mTORC1 haihusiki. Rapamaisini huzima S6K vizuri kuliko inavyozima kazi ya mTORC1 kwenye 4E-BP. Rudia na Torin 1 (kizuizi cha mTOR chenye nguvu zaidi), nanomola 250, uangalie mistari ya 4E-BP2 ikishuka. U0126 ikipunguza puromaisini, thibitisha kwanza kwamba ERK na serini 209 ya eIF4E zimezimika katika sampuli hizohizo.

Ukitaka vipande vya hipokampasi

Kata vipande vya mikromita 400 na uviache vipumzike kwenye nyuzi 32 kwa saa 4, katika maji ya ubongo yenye NaCl 124, KCl 3, NaH2PO4 1.25, MgSO4 1, CaCl2 2, NaHCO3 26 na glukosi 10, vyote kwa milimola, yakipulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksaidi asilimia 5. Saa moja haitoshi. Kukata huangusha usanisi na kupandisha alama za msongo, na anayeanza mapema hupima jeraha la kisu. Puromaisini hupenya polepole, kwa hiyo tumia mikrogramu 5 kwa mililita kwa dakika 45. Kwa DHPG aina mchanganyiko weka mikromola 100 kwa dakika 5; aina ya S pekee, 50 inatosha. Panya wasio na jeni ya Fmr1 (mfano wa ugonjwa wa Fragile X) hupimwa namna hii, na kwao usanisi wa msingi uko juu kidogo tu, hivyo linganisha ndugu wa uzao mmoja, waliokatwa siku moja, na mpimaji asijue yupi ni yupi.

Tishu nzima ina damu, na damu ina kingamwili za mnyama mwenyewe. 12D10 ni kingamwili ya panya aina ya IgG2a. Ukitumia kingamwili ya pili inayotambua IgG yoyote ya panya utaona mistari minene kwenye 50 na 25 hata mahali pasipo na puromaisini. Nunua inayotambua IgG2a peke yake. Hupunguza mistari hiyo sana, na kinachobaki kitolewe kwa kutumia njia ya kipande kisicho na puromaisini.

Wapo watakaotaka kupaka 12D10 kwenye seli zilizohifadhiwa kwa kemikali waone ni tawi gani la dendraiti lililotengeneza protini. Kwa swali la seli ipi, nyuroni au glia, picha hiyo inafaa sana ukiipaka pamoja na MAP2 (alama ya nyuroni), na inafaa kuifanya angalau mara moja, maana glia zilizobaki huchangia mwanga wa bloti yako. Kwa swali la sehemu gani ndani ya nyuroni, tahadhari: mnyororo wenye puromaisini huachia ribosomu na kusambaa. Tafiti za mwaka 2020 zilionyesha kwamba hata kuweka emetini hakuuzuii kusambaa huko. Punguza muda hadi dakika chache na ulinganishe dendraiti nzima na dendraiti nzima, bila kudai kwamba kila nukta ni mahali ribosomu ilipokuwa. Ukiitafuta protini moja, kama Arc, ongeza kingamwili ya ncha ya mwanzo ya protini hiyo pamoja na ile ya puromaisini, na usome nukta pale tu kingamwili hizo mbili zinapokutana. Kingamwili ya ncha ya mwisho haitafanya kazi, kwa sababu mnyororo ulikatika kabla ya kufika huko.